Maharage yaliyomwagika ghalani

Ndugu, umeuliza kwa nini mgeni wenu pale Masasi, baada ya kuwadokeza bei atakayotoa kwenye mnada wa korosho, alisema "don't spill the beans" (neno kwa neno, "msimwage maharage") ilhali ghalani hapakuwa na maharage hata punje moja. Alikuwa anawaomba msitoe siri, na kwetu msemo unaokaribiana nao mno ni ule wa kutomwaga mtama kwenye kuku wengi, ambao hakuna anayeusikia akaanza kutafuta kuku. Nahau haitafsiriwi neno kwa neno: "it's raining cats and dogs" (neno kwa neno, "inanyesha paka na mbwa") ni mvua kubwa tu, kama hizi zetu za Januari, wala hakuna paka atakayedondoka juu ya bati.