Kama unataka kusoma sensa za zamani, anza na hili

Kuna dada kaniandikia juzi anauliza naanzaje kutafuta historia ya nyumba za hapa Bolton, nikaona nijibu hapa hapa maana najua wengi wenu mlioko Uingereza mnalitaka hili.

Nyumba ninayopanga imo kwenye sensa ya usiku wa tarehe 2 Aprili 1911. Mwaka ule fomu ilibaki jinsi mkuu wa kaya alivyoijaza, kwa hiyo mwandiko unaouona ni wake, sio wa karani. Baba ni mfumaji kiwanda cha pamba. Binti wa miaka 12 naye yupo kazini, nusu siku kiwandani nusu shule, na sheria ilikuwa inaruhusu kabisa. Vyumba vinne, watu saba. Halafu kuna sehemu ya mke: watoto aliozaa, walio hai, waliokufa. 9, 5, 4. Hiyo 4 wino umekolea kama vile kalamu ilisimama pale. Nikafunga kompyuta nikampigia mama Tanga kumuuliza bibi alizaa wangapi, akakaa kimyaa, akasema kumi. Mimi ninaowajua ni sita tu.

Sasa na nilipokosea. Kwenye kikao cha watu wa historia nikasimama na ukurasa wa 1841, kijana 20, binti 20, nikasema hawa ni mke na mume. Mzee mmoja akanikata mbele ya watu wote: mwaka huo makarani waliambiwa mtu wa zaidi ya miaka 15 umri wake ushushwe hadi kwenye tano ya karibu (15, 20, 25, hivyo hivyo), na uhusiano wa waliomo ndani hawakuuandika. Wale wanaweza kuwa kaka wa miaka 24 na dada yake wa 21. Alikuwa sahihi lakini angeniita pembeni, hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo jamani kabla hujasoma jina hata moja, jua kwanza makarani wa mwaka huo waliambiwa waandike nini. Uhusiano na mkuu wa kaya umeanza 1851. Tena nasema, jua kwanza waliulizwa nini!

Na tusiwe watu wa kusoma wafu wa wenzetu tu. Sensa yetu Tanzania ya kwanza baada ya uhuru ni ya 1967, majina ya waliohesabiwa huwezi kuyaona, ila waliolala kwenye nyumba zile wengine bado wapo, waulizeni nani alikuwemo na nani hakuwepo, msisubiri msiba. Mama ameshanitajia majina mawili kati ya wale watoto wanne wa bibi nisiowajua. Mengine anayo shangazi, nampigia Jumamosi.