Kilo ya mbuzi choma ikija ndogo mezani

Uliagiza kilo ya mbuzi, ikaja sahani ndogo: si lazima uwe umepunjwa. Kilo hupimwa mbichi, mifupa ikiwemo, na motoni maji na mafuta hutoka. Ikibaki gramu 650 hadi 700 ni kawaida. Ikiwa nusu kilo, hapo uliza.

Ukitaka uhakika, nenda mwenyewe hadi buchani pale pale baa. Chagua kipande (paja lina nyama, mbavu tamu ila mfupa mwingi), hakikisha mizani inaanzia sifuri, na mwambie mchomaji asikatekate kabla ya kuchoma. Vipande vidogo hukauka, na kimoja viwili hupotea njiani bila mtu kujua.

Angalia na muda. Kwenye mkaa ulioiva, usio na ndimi za moto, mbuzi huhitaji kama dakika 45 hadi saa nzima. Ikifika baada ya robo saa, ilichemshwa kwanza au ilichomwa mapema ikapashwa. Ukiikata haitoi maji. Kwa hiyo mhudumu anayesema "subiri kidogo, bado" mimi namwamini zaidi ya yule wa "dakika kumi tu, bosi". Kachumbari inayoogelea majini imekatwa zamani, irudishe.