Wazo la picha huanzia kwenye swali

Mhariri, wiki hii mmeuliza mchoraji huyapata wapi mawazo ya kazi mpya, na huyafanyia utafiti gani kabla ya kushika brashi. Uchoraji ndio kazi yangu, na nasikitika kuwa watu wengi bado wanaamini kwamba msanii hukaa akingoja wazo limshukie. Mimi mawazo hunijia nikiwa kazini, hasa ninapoulizia jambo ambalo jicho limeliona bila kulielewa.

Nitatoa mfano wa majahazi, ambayo nimeyachora kwa muda mrefu katika ufuo wa Bagamoyo. Ukilitazama jahazi la kienyeji lililoachwa mchangani maji yakiwa yamekupwa, utaona mbao za ubavuni zina rangi ya kahawia yenye kung'aa, na za chini zina weupe uliofifia. Ningeweza kuchanganya rangi hizo mbili nikamaliza kazi. Nilipowauliza mafundi, walinieleza kwamba juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ili jua lisipasue mbao, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa chombo. Baada ya maelezo hayo niliacha kuchora vyombo vitupu, nikaanza kuwachora watu wanaovipaka, wameinama chini ya jahazi, viganja vimejaa chokaa, wakiharakisha kabla maji hayajajaa. Mfululizo mzima wa picha ulitokana na jibu hilo.

Ndiyo maana utafiti wangu huutegemea zaidi mchoro wa penseli kuliko picha ya simu. Simu hunasa kila kitu kwa mara moja, lakini mkono hulazimika kuamua foromali, yaani boriti inayoshikilia tanga, imefungwa wapi kwenye mlingoti, na kamba inapita upande gani wa tanga. Mahali penseli inaposita ndipo ninapotambua kwamba sijaelewa, na hapo hupata swali la kumwuliza nahodha kesho yake.

Kazi za waliotutangulia nazo ni sehemu ya utafiti, mradi tujifunze namna walivyofikiri. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alipochora maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a nchini Kenya miaka ya 1950, aliyaweka katika nchi ya Wakikuyu na miongoni mwa watu wake. Alihitaji kuijua Injili, na alihitaji vilevile kuijua ardhi ile. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana, na mng'ao wa rangi hizo ukawa sura ya sanaa yake. Inaniuma kuona chui aliyekuwa akimchora akinakiliwa na vijana wenye vipaji ambao hawajapewa nafasi ya kumtafuta chui wao.

Ninachofuatilia sasa ni kalafati, kazi ya kupigilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao. Natafuta namna ya kuufanya mlio wa nyundo uonekane katika picha, na nimeanza kuwauliza mafundi kama mlio huo hubadilika ufa unapojaa.