Usiniletee yadi, niambie alisimama na nani

Agosti imeingia na kikundi chetu cha WhatsApp hakilali. Juzi saa tano na nusu usiku, mdogo wetu mmoja aliyejiunga mwaka huu na ligi yetu ya fantasi (tunachagua wachezaji halisi wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na wanachofanya uwanjani kinatupa pointi) alituma klipu fupi ya mechi ya maandalizi: mkimbiaji chipukizi anapenya katikati ya mabeki wawili, anamkwepa wa tatu, anaingia kufunga tachidauni, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja. Chini yake kaandika: "Raundi ya tano huyu ni wangu, asiguse mtu!" Dakika tano hazijapita, wageni wenzake wawili wakapandisha dau. Mmoja anamtaka raundi ya nne.

Nikaangalia kona ya skrini. Robo ya nne, dakika sita zimebaki. Kati ya mabeki wale watatu, huenda asiwepo hata mmoja atakayekuwa na kazi ikifika Septemba.

Ligi yetu ni ya watu 12 hapa Columbus, Ohio: Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili na Mrundi mmoja. Drafti, siku ya kuchagua wachezaji kwa zamu, raundi baada ya raundi, tunaifanya Jumamosi kabla ya Labor Day, kwenye besimenti ya rafiki yetu mmoja, na pilau lipo juu linatungoja. Kila mwaka tunapokea wageni wawili watatu, na nawapenda kwa dhati, maana ndio wanaoiweka ligi hai. Lakini kila mwaka wanajikwaa kwenye kisiki kilekile nilichojikwaa mimi, na mwaka huu nimeona niandike mapema kabla hawajaumia.

1. Swali la kwanza kwa mchezaji yeyote wa mechi za maandalizi: alisimama na nani?

Yadi ngapi alisonga na mpira, uliza baadaye. Anza na kwotabeki, yule anayetoa pasi na kugawa mpira: aliyemkabidhi mpira ni yule wa kwanza au wa tatu? Laini (wale wazuiaji wa mbele) iliyomfungulia njia ni ile itakayoanza wiki ya kwanza? Timu inaingia Agosti na wachezaji 90 na lazima ibaki na 53. Tangu 2023 kukatwa huko ni kwa siku moja, kwa hiyo hadi mechi ya mwisho bado uwanja umejaa watu wanaotafuta kazi. Ukimwona mkimbiaji amepewa snepu nane (yaani mpira umeanzishwa mara nane akiwa uwanjani), zote na kikosi cha kwanza, akapata yadi 19 tu, huyo muandike. Mwenye yadi 90 robo ya nne, mpigie makofi ulale.

Najua mtaniletea Victor Cruz. Haya. Agosti 2010, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti ya NFL aliwafunga Jets tachidauni tatu usiku mmoja, yadi 145. Timu yake, Giants, wakambakiza. Lakini msimu ule wa 2010 alicheza mechi tatu bila kudaka hata mpira mmoja, kisha akaenda orodha ya majeruhi. Yadi zake 1,536 zilikuja 2011. Waliomchukua kwenye fantasi kwa sababu ya usiku ule walikuwa wamemuona sawasawa, na bado hawakupata pointi hata moja.

2. Swali la pili: nani hayupo?

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Tarehe 13 Agosti 2015 Detroit Lions waliwapokea New York Jets. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, nimekaa sebuleni na sahani ya wali mapajani. Lions walikuwa wamemchukua Ameer Abdullah raundi ya pili kutoka Nebraska. Akapewa mpira, akakata, beki akabaki amekumbatia hewa, na Abdullah akachomoka yadi 45. Niliweka sahani chini. Nilirudisha ile mbio nyuma mara nyingi hadi mke wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Nimempata mtu wangu wa mwaka huu."

Usiku ule alimaliza na mbio saba, yadi 67. Hesabu hii nilipaswa kuifanya palepale na sikuifanya: toa zile 45. Zinabaki yadi 22 kwa mbio sita. Mbio moja ndiyo iliyonipofusha, na zile sita ndizo zilizokuwa zinanieleza msimu wenyewe utakavyokuwa.

Kubwa zaidi, sikujiuliza kwa nini mipira ile ilimfikia yeye. Joique Bell, mkimbiaji mkubwa wa Lions, alikuwa bado anauguza mwili wake, hakucheza. Kumbe angerudi. Na Theo Riddick alikuwepo, mtu wa dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusonga yadi kumi), mtu wa kudaka. Msimu ule Riddick alidaka mipira 80. Hebu fikiria: mpira wa karibu na mstari wa kufungia ni wa Bell, mpira wa dauni ya tatu ni wa Riddick, na mimi nimelipa raundi ya nne kwa kile kilichobaki katikati. Yote haya yalikuwa wazi kwa yeyote aliyeangalia orodha ya waliokosekana. Mimi niliangalia aliyekuwepo tu.

Wiki ya kwanza kule San Diego, Abdullah akakimbia yadi 24 hadi tachidauni. Ndipo nilipoharibikiwa kabisa, maana nilijiona nimehakikishiwa. Jumanne yake Mjomba (ndivyo tunavyomwita mzee wa ligi yetu, dereva wa malori mwenyeji wa Tanga) akanipigia simu akiwa njiani.

"Mwanangu, nipe Abdullah nikupe Allen Robinson."

"Mjomba, Robinson kadaka mpira mmoja juzi."

"Najua. Ila usiangalie alichodaka."

Nikakataa, na nikamkatalia kwa kiburi, jambo ambalo bado linaniuma kuliko pointi zenyewe. Robinson alimaliza mwaka na yadi 1,400 na tachidauni 14.

Bado sijamaliza. Kwenye benchi langu nilikuwa na Devonta Freeman wa Atlanta, niliyemchukua mwishoni kabisa mwa drafti. Agosti nzima Freeman alikuwa anauguza msuli wa paja, kwa hiyo hakuwa na klipu, hakuwa na mbio ya kurudisha nyuma na kutazama tena. Msimu ukafunguliwa na chipukizi Tevin Coleman akiwa mbele yake. Wiki ya pili Coleman akaumia mbavu. Na mimi, nikiwa nimeshikilia Abdullah kama yai, nilikuwa nimekwishamwacha Freeman aende weiva (kundi la walioachwa, ambako mwingine anaweza kumchukua) ili nichukue safu ya ulinzi ya wiki moja. Jumapili iliyofuata Freeman akawafunga Dallas tachidauni tatu. Jumapili ya baada ya hapo, Houston, tatu nyingine. Mwaka ule alifika tachidauni 14 kwa jumla, na alizifunga akiwa kwenye timu ya mtu mwingine wa ligi yetu.

Abdullah alimaliza na yadi 597 za kukimbia na tachidauni mbili za mbio, na katikati ya msimu kudondosha mpira kulimweka benchi. Kijana hana kosa lolote. Alifanya kazi aliyopewa. Mimi ndiye niliyempa kazi ambayo kocha wake hakumpa.

Tangu mwaka ule nina daftari. Kabla ya kila mechi ya Agosti naandika upande wa kushoto majina ya wote ambao hawatacheza, kisha ndiyo nawasha televisheni. Kila yadi ninayoiona naisoma nikiwa na majina yale mbele yangu. Kazi yenyewe haichukui hata dakika kumi.

3. Kutocheza nako ni habari.

Wageni hudhani mchezaji asiyeonekana Agosti ana tatizo. Mara nyingi ni kinyume chake: kocha ameshajua anachotaka kutoka kwake na hataki avunjike. LaDainian Tomlinson, mkimbiaji wa Chargers, alikuwa haguswi Agosti, na 2006 alifunga tachidauni 31, rekodi ya msimu mmoja. Sean McVay, kocha wa Rams, ana kawaida ya kuwaweka watu wake wa kwanza pembeni mechi zote za maandalizi. Kwa hiyo ukiona chipukizi aliyecheza wiki iliyopita amesimama pembeni bila helmeti pamoja na wakubwa, na si majeruhi, hapo kaa vizuri kwenye kiti. Amepandishwa cheo na hakuna aliyetangaza.

Na yale maneno ya zamani ya "subiri mechi ya tatu", yaacheni. Yalikuwa ya enzi za mechi nne, ambapo ya tatu ndiyo ilikuwa ya majaribio kamili. Tangu 2021 mechi ni tatu, na kwa timu nyingi ile ya mwisho ni ya wanaopigania nafasi.

4. Mipira inayomponyoka mpokeaji mzuri haitoshi kumfuta.

Ja'Marr Chase, mpokeaji chipukizi wa Cincinnati Bengals, Agosti 2021. Mipira mitatu ikamponyoka kwenye mechi moja dhidi ya Washington. Bengals ni wa hapahapa Ohio, kwa hiyo nilizisikia kelele zake hadi kazini: watu wa Bengals wanashika vichwa. Yeye mwenyewe akaeleza kwamba mpira wa NFL hauna ile mistari myeupe ya mpira wa vyuo, macho yake bado yanauzoea. Watu wakamcheka. Lakini alikuwa amekaa mwaka mzima bila kucheza, na kila dalili nyingine ilikuwa nzuri: kwotabeki wake wa chuoni Joe Burrow yuko palepale, nafasi ni yake, mipira inaelekezwa kwake. Alimaliza na yadi 1,455 na tachidauni 13. Mipira inayoelekezwa kwa mtu ni uamuzi wa timu, na uamuzi huo ndio unaoununua wewe kwenye drafti. Mikono hurudi.

5. Matokeo ya mechi yasikushughulishe. Lions 2008 walishinda zote nne za maandalizi, wakapoteza zote 16 za msimu. Browns 2017 hivyohivyo, nne kwa nne, kisha 0 kwa 16.

6. Tazama mkimbiaji akiwa hana mpira.

Hili hakuna klipu itakayokuonyesha, itabidi ukae na mechi nzima. Dauni ya tatu, yadi saba. Chipukizi amesimama pembeni ya kwotabeki. Lainbeka, beki wa nyuma ya safu ya mbele ya wapinzani, anasogea mbele hatua moja, anarudi, anasogea tena. Tazama macho ya kijana: anamfuata yule lainbeka, au anaangalia anapotaka kukimbilia? Mpira unatoka, lainbeka anapita katikati ya senta na gadi, wazuiaji wawili wa laini, na kijana amekwishaegemea kulia. Kwotabeki yuko chini kwenye nyasi, ameshika mbavu. Kocha hasemi kitu, ila tazama snepu ya dauni ya tatu inayofuata: kaingia mkongwe wa miaka thelathini. Nimeyaona haya mara nyingi, na kila mara yule kijana huanza msimu akiwa na snepu chache kuliko alivyoahidiwa magazetini. Asiyeweza kumlinda kwotabeki hapewi dakika, hata awe na miguu ya paa. Wadogo zangu, hili peke yake litawashindia mechi mbili tatu kwa mwaka.

7. Drafti fanyeni mwishoni kabisa. J.K. Dobbins wa Ravens aliumia goti tarehe 28 Agosti 2021, mechi ya mwisho ya maandalizi, msimu wote ukaisha. Waliokuwa wamefanya drafti wiki moja kabla walibaki na shimo raundi ya pili au ya tatu. Agosti pia inaweza kukufungulia mlango: 2017 Spencer Ware aliumia goti, Chiefs wakampa Kareem Hunt mpira, na chipukizi yule akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,327 za kukimbia. Waliochelewa drafti ndio waliokuwa na habari hiyo mkononi.

Sasa turudi kwenye klipu ya juzi. Sikumjibu kijana kwenye kikundi, sikutaka aaibike mbele za watu. Nilimpigia simu asubuhi. Nikamuuliza kwotabeki alikuwa nani. Hakujua. Nikamuuliza mkimbiaji wa kwanza wa timu ile alikuwa wapi. Kimya kidogo, nikasikia anabonyeza simu, kisha akasema, "Kaka, alikaa pembeni amevaa kofia." Nikamuuliza na wa pili je? "Naye pia." Akacheka, nami nikacheka naye, kwa sababu alipata jibu mwenyewe.

Ameniuliza kama anaweza kuja kutazama mechi ijayo kwangu. Inaanza saa moja jioni. Nimemwambia aje saa kumi na mbili na nusu, maana ile nusu saa ya kwanza ni ya kuandika majina ya wasiokuwepo, na daftari la pili nimeshamnunulia.