Ganda limekwama wapi? Kwa fundi mpya wa shotigani kuukuu

Ukiletewa shotigani nusu-otomatiki, yaani inayojipakia yenyewe baada ya kila mlio, na kuambiwa tu kwamba "inagoma", usiifungue bado. Muulize askari aliyekuwa nayo maswali mawili: ganda la risasi lilikwama wapi, na alikuwa anatumia katriji gani. Jibu la swali la kwanza litakuonyesha nusu ya bunduki isiyo na kosa, na jibu la pili mara nyingi humaliza kazi kabla hujashika bisibisi. Wanafunzi wengi hukimbilia springi mpya. Springi ni ghali, haipatikani Kampala kila siku, na mara nyingi siyo iliyokosea.

Kwanza usalama. Toa risasi zote, fungua bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), kisha ingiza kidole ndani ya chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu) na kwenye mdomo wa magazini (mrija unaohifadhi risasi chini ya mtutu). Macho peke yake hudanganya, hasa jioni kwenye ghala lenye taa moja. Risasi hai zikae chumba kingine, na majaribio ya mezani yafanywe kwa risasi bandia. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inataka kila silaha iwe chini ya mwenye leseni, kwa hiyo fanya kazi chini ya afande wa ghala aliyeidhinishwa, na majaribio ya risasi hai yawe kwenye uwanja wa shabaha tu.

Halafu ujue bunduki yako inapata wapi nguvu ya kujizungusha. Browning Auto-5, ambayo kampuni ya FN ya Ubelgiji ilianza kuiunda mwanzoni mwa miaka ya 1900, na pacha wake wa Marekani, Remington Model 11, hutumia teke la risasi. Mtutu na bolti hurudi nyuma pamoja safari ndefu kuliko katriji yenyewe. Kisha mtutu hutangulia kwenda mbele na kuliacha ganda litupwe, ndipo bolti ifuate na risasi mpya. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, mtutu wake hausogei: gesi hupenya vitundu vidogo vya mtutu na kusukuma pistoni iliyozunguka mrija wa magazini. Ukizichanganya hizi mbili, utatafuta kosa la gesi kwenye bunduki isiyotumia gesi.

Kwenye Auto-5, anza na pete. Ukifungua kofia ya magazini na kuvua mbao ya mbele, utaona kwenye mrija kibanio cha shaba chenye ufa, springi kubwa ya mtutu, na pete ya chuma ambayo upande mmoja umekatwa mshazari. Kwa risasi nzito, pete hukaa kati ya springi na kibanio, mshazari ukielekea kibanio, ili kibanio kibane mrija na kupunguza kasi ya mtutu. Kwa risasi nyepesi, pete huhamishiwa nyuma ya springi, karibu na bodi, na msuguano unapungua. Katriji ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye gramu 28 za marisawa ni nyepesi. Ya gramu 36 ni nzito. Pete ikiwa ya risasi nzito na askari akapewa nyepesi, mtutu hauwezi kumaliza safari na ganda hukwama kwenye mlango wa kutokea. Kinyume chake ni kibaya zaidi kwa sababu bunduki haigomi. Inafanya kazi vizuri kabisa huku ikijigonga mpaka mbao ya mbele ipasuke. Ukiona ufa kwenye mbao hiyo, angalia pete kabla ya kutafuta gundi, kisha angalia kizibo laini cha nyuma ya bodi kinachopokea pigo la bolti, kama bado kipo na hakijasagika.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Weka tone moja au mawili kwenye kitambaa, pangusa mrija wa magazini, basi. Mrija unaotiririka oili huua msuguano, na pete inakuwa kama haipo. Mrija mkavu wenye kutu hubana kupita kiasi. Kampala mvua huanza Machi hadi Mei na kurudi Septemba hadi Novemba, na mlinzi wa usiku hukaa varandani na bunduki yake. Kati ya misimu hiyo kuna vumbi jekundu la maramu. Vumbi hilo likikutana na oili nyingi, hugeuka kuwa dawa ya kusaga chuma.

Jaribio la mtutu halihitaji risasi hata moja. Bunduki ikiwa tupu na imeunganishwa, weka mdomo wa mtutu juu ya ubao uliotandikwa kitambaa, ukandamize kwa uzito wa mwili mpaka mtutu uingie wote, kisha uachie taratibu. Mtutu unapaswa kurudi bila kusita na bolti kubaki nyuma. Ukisita katikati, chunguza kutu, mrija uliobonyea, au kibanio kilichojaa masizi.

Kwenye Remington 1100, kagua kwanza oringi inayokaa kwenye mfuo wa mrija wa magazini, mbele ya pistoni. Ni mpira mwembamba tu, lakini ukikatika gesi huvuja na bolti haifiki nyuma. Weka akiba yake. Kisha safisha vitundu vya gesi kwa kijiti laini au waya wa shaba, ukitoa masizi bila kuuongeza upana wa tundu. Usiguse drili! Tundu likipanuliwa halirudi, na bunduki itajipiga nyundo kwa kila risasi.

Sasa rudi kwa ganda. Likibaki chembani na bolti imerudi, mshukiwa ni ukucha unaolivuta, au chemba yenyewe. Toa bolti, ingiza kitako cha risasi bandia chini ya ukucha, utikise. Ikianguka, safisha chini ya ukucha kwanza, kisha kagua ncha yake na springi yake. Chemba yenye kutu au utando wa plastiki isuguliwe kwa burashi ya shaba na dawa ya kusafishia. Msasa ni marufuku. Ganda likisimama wima mlangoni kama dohani, safari ya bolti ni fupi, na umeshajua pa kutafuta. Kosa la kirushio, kipande kinacholitupa ganda nje, ni nadra zaidi, ingawa kwenye Auto-5 kipo kwenye mkia wa mtutu na huvunjika. Mkao wa mpigaji pia huhesabika: bunduki ya teke isiyoegemezwa begani vizuri hupoteza nguvu yake.

Ukishindwa kutofautisha, pakia risasi moja tu na ufyatue. Ganda likitoka na bolti ikabaki wazi nyuma, nguvu inatosha, na kosa liko kwenye ulishaji: mrija wa magazini uliobonyea au mchafu, springi yake, au katriji za karatasi zilizovimba kwa unyevu. Kisha jaribu mbili, halafu tatu. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, la sivyo hutajua kilichoponya.

Bolti ikishindwa kufunga sentimita mbili au tatu za mwisho, wengi hulaumu chemba. Angalia ndani ya kitako cha mbao, ambako springi ya bolti hulala ndani ya mrija wake. Bunduki iliyosimamishwa kwa miaka mtutu ukiwa juu imekuwa ikidondosha oili na maji humo, na oili kuukuu hugeuka kama lami. Baada ya kusafisha, ilaze au isimamishe mtutu ukielekea chini usiku mmoja.

Soma pia maandishi ya mtutu kabla ya kutoa katriji. Baadhi ya bunduki kuukuu, hasa za geji 16, zina chemba yenye urefu wa milimita 65. Katriji ya milimita 70 huingia bila kupinga, lakini ikifyatuliwa ncha yake haina nafasi ya kufunguka: shinikizo hupanda na ganda hukwama.

Na bunduki ikifyatua mara mbili kwa mvuto mmoja wa kidole, usiendelee na jaribio lolote. Ifunge lebo, irudishe ghalani, mwambie afande.