Umeitwa usaini wosia wa mzee? Ngoja kwanza

Mzee wetu alituachia wosia kwenye daftari la shule, kurasa mbili, kalamu ya bluu, saini yake chini na za mashahidi wawili. Tukapiga picha tukatupa kwenye grupu ya familia, kila mtu amina amina, halafu tukaenda kwa wakili hapa Jinja tukijua ni mambo ya mhuri tu.

Wakili akasoma mpaka mwisho, akanyamaza. Akaweka kidole kwenye saini ya pili, "Huyu nani?" Kaka yangu akajibu kwa fahari kabisa, ni mimi. Na kule juu kaka ndo alikuwa amepewa kibanja, yaani kipande cha ardhi, cha kijijini. Hapo ndo nikalijua neno shahidi kwa machungu: kwa sheria ya Uganda, shahidi akiwa amepewa kitu kwenye wosia aliousaini, wosia wenyewe haufi, ila alichopewa ndo kinakufa. Ukimsainisha mke wake pia ni yaleyale.

Na kibanja je? Mzee hakuandika vitu vingine vilivyobaki vyote viende kwa nani, mstari mmoja tu jamani, wanasheria wanaviita mabaki ya mirathi, kwa hiyo kibanja kikaingia kwenye hesabu ya mtu aliyekufa bila wosia: watoto asilimia 75, mama 20, wategemezi 4, musika, yaani mrithi wa kimila, 1. Ya mama ilikuwa 15 kabla sheria haijarekebishwa 2022, angalau hapo. Kaka alinuna miezi.

Neno lingine ni eksekyuta, yaani msimamizi aliyetajwa ndani ya wosia. Watu wanadhani lazima awe musika, wapi! Na huyu hata akipewa mali hamna shida. Yeye ndo anaomba probeti kortini, yaani kibali cha kutekeleza wosia, lakini mzee hakumtaja mtu, basi sisi watoto tukahangaikia barua za usimamizi, kibali cha korti pale ambapo hakuna eksekyuta, leo kwa cheyamani wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, kesho kutafuta cheti cha kutopinga kwa Adiministreta Jenero, ofisi ya serikali ya mali za marehemu, nauli tu ilitumaliza.

Wangu nimeuandika mwezi uliopita. Mashahidi ni fundi cherehani wa hapa chini na mwalimu mmoja mstaafu, hawana hata kijiko humo ndani, wote wawili wakaniona nikisaini, nao wakasaini mbele yangu na majina na wanapokaa. Kaka akauliza mbona hukuniita, nikamwambia basi jua umo.