Waifai Ina Vistari Vyote Lakini Haifungui: Shusha Nguvu Kwanza

Malalamiko ninayopokea kuliko mengine yote ni haya: waifai inaonyesha vistari vyote, lakini hakuna kinachofunguka. Yanatoka kwenye kumbi za mikutano za katikati ya mji wa Dodoma, kwenye nyumba za wageni za Area D na Kisasa wakati wa Bunge la bajeti, na zaidi ya kote kwenye hosteli binafsi za Ng'ong'ona wanakopanga wanafunzi wa UDOM. Karibu kila mara mwenye jengo anakuwa ameshaongeza fedha ili apewe kasi kubwa zaidi ya faiba. Hali imebaki ile ile, naye anaona ameibiwa.

Mara nyingi hajaibiwa. Faiba yake inafika vizuri hadi kwenye rauta. Kinachokwama ni safari fupi ya hewani kutoka akses pointi, yaani kifaa kinachorusha waifai, hadi kwenye simu. Simu zote zilizo kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya masafa ya hewani, pamoja na akses pointi yenyewe, hupeana zamu. Kimoja kikituma, vingine vinavyokisikia vinanyamaza. Zamu zikiisha, hata uletewe faiba ya megabiti 1,000, wanafunzi wataendelea kulalamika.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, nenda pale saa ambayo watu wanalalamika. Hosteli nyingi ni saa tatu usiku; ukienda saa nne asubuhi utakuta kila kitu kinaruka vizuri na hutajifunza lolote. Chomeka kompyuta kwa waya kwenye rauta, pima kasi. Kama kwa waya kasi ni nzuri, achana na mtoa huduma, mgomvi wako yuko hewani. Kisha fungua ukurasa wa mipangilio wa akses pointi utazame asilimia ya muda ambao chaneli inatumika. Iwe ni ya kampuni ya MikroTik, TP-Link au Ubiquiti, majina ya vipengele hutofautiana lakini mara nyingi takwimu hiyo ipo mahali fulani. Mimi ikivuka nusu naanza kutafuta sababu. Ikifika asilimia 80, watumiaji wanakuwa wameshaijua bila mimi kuwaambia.

Sasa tuje kwenye nguvu ya kutuma, maana hapa ndipo naona majengo mengi yameharibika. Mama mmoja mwenye hosteli aliniambia, "Fundi, wewe niwekee ile kubwa yenye antena nyingi, ipige mpaka getini." Nikamwambia, "Mama, ikipiga mpaka getini ndiyo itakayotusumbua." Alinitazama kwa mashaka, na ana haki, kwa sababu inaonekana kinyume cha akili. Lakini mawasiliano ni ya pande mbili. Akses pointi inaweza kutuma kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 23 au zaidi, wakati simu ya mkononi mara nyingi iko karibu na 15. Ni sawa na mwenyekiti wa mkutano mwenye kipaza sauti: aliyekaa mstari wa mwisho anamsikia vizuri, ila akiuliza swali kwa mdomo mtupu, mwenyekiti hasikii. Simu ya getini inaonyesha vistari kwa sababu inasikia; inaposhindwa kujibu, inarudia kutuma tena na tena kwa kasi ya chini kabisa, na kila marudio yanakula zamu za wale walio chumbani.

Nguvu kubwa ina madhara ya pili. Akses pointi za ghorofa ya chini, ya kati na ya juu zilizo kwenye chaneli moja zikipiga kwa nguvu zote, kila moja inasikia nyingine. Umenunua tatu ukidhani umepata nafasi mara tatu, kumbe zote zinasubiriana.

Waifai hutumia makundi mawili makuu ya masafa, yaani bendi. Mimi huanzia desibeli 17 kwenye bendi ya gigahezi 5, ambayo ni miliwati 50, na 11 kwenye bendi ya gigahezi 2.4. Tofauti hiyo ya desibeli 6 nimeiweka makusudi. Kila ukishusha desibeli 3 unapunguza nguvu kwa nusu, hivyo bendi ya chini inabaki na robo ya nguvu ya bendi ya juu. Bendi ya chini hupenya kuta vizuri zaidi, na ukiziacha zilingane simu nyingi zitaiona ndiyo bora na kujazana huko. Ukishusha, nyingi zinahamia gigahezi 5 zenyewe bila kulazimishwa. Kisha natembea na simu chumba kwa chumba. Ninachotaka kuona kitandani, mlango ukiwa umefungwa, ni mawimbi yanayofika kwenye simu yakiwa na desibeli hasi 67 au karibu na sifuri zaidi ya hapo. Chumba kikionyesha hasi 75, siongezi nguvu. Naongeza akses pointi nyingine ndogo karibu nacho. Hapo kuta za bloku zinageuka msaada, kwa sababu zinazuia akses pointi za vyumba vya mbali zisisikiane.

Tahadhari moja ya mapaa yetu ya bati: usifiche akses pointi juu ya dari, kati ya jipsamu na bati. Bati linarudisha mawimbi yakiwa yamevurugika, na joto la mchana humo juu halikifai kifaa chochote. Itoe, iwe chini ya dari, ionekane.

Upana wa chaneli unafuata. Vifaa vingi vikitoka dukani vinakuja na megahezi 80 kwenye bendi ya 5, kwa sababu namba hiyo inapendeza ukipima kasi ukiwa peke yako. Kwenye hosteli hauko peke yako. Chaneli 36, 40, 44 na 48 ni nne zinazojitegemea ukitumia megahezi 20. Ukiweka 80, zote nne zinakuwa moja, na akses pointi mbili zilizo jirani zinagombea kitu kile kile. Kwenye jengo lenye watu wengi naweka 20. Nyumba ya wageni yenye akses pointi chache naweza kuruhusu 40. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, hivyo akses pointi inalazimika kusikiliza walau dakika moja kabla ya kuanza kutuma, na ikihisi rada inahama papo hapo. Nazitumia, ila si kwa akses pointi ya ukumbi mkuu. Kwenye gigahezi 2.4 hakuna mjadala: 1, 6 na 11, upana wa 20. Anayekuwekea chaneli 3 kwa sababu "haina mtu" anakuletea kelele za pande zote mbili. Na kwenye sehemu ya nchi chagua Tanzania. Kuchagua nchi nyingine ili upate nguvu zaidi ni kwenda kinyume na masharti ya masafa, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ndiyo inayoyasimamia.

Kuna mwizi wa zamu ambaye wengi hawamwoni. Kila jina la waifai unalotangaza hurushwa hewani karibu mara 10 kwa sekunde, na hurushwa kwa kasi ya chini kabisa uliyoruhusu. Piga hesabu ya jengo lenye akses pointi tatu kwenye chaneli moja, kila moja ikiwa na majina matano: ya wageni, ya ofisi, ya kamera, ya mmiliki, na ya majaribio ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta. Hayo ni matangazo 150 kwa sekunde. Tangazo la baiti 250 kwa kasi ya megabiti 1 huchukua kama milisekunde 2, kwa hiyo milisekunde 300 katika kila sekunde zimekwenda kabla hata ya mtu kufungua WhatsApp. Punguza majina yabaki mawili, zima kasi za 1, 2, 5.5 na 11 zilizoachwa na vifaa vya mwaka 1999, weka 12 iwe ya chini kabisa. Kelele hiyo inabaki ndogo sana. Kabla ya kuzizima, uliza tu kama kuna printa au kamera ya zamani inayozitegemea.

Baada ya yote haya ndipo uguse kipengele cha kugawanya mzigo, yaani kusambaza watumiaji kati ya akses pointi. Naona mafundi wenzangu wanaanza nacho, kwa sababu jina lake linaahidi mengi. Ukweli ni kwamba anayechagua akses pointi ni simu. Akses pointi inaweza kupendekeza, kwa utaratibu wa 802.11v, kwamba jirani ana nafasi, na simu nyingi za sasa zinasikia ushauri huo, ingawa zina uhuru wa kuupuuza. Njia ya pili ni kukataa: akses pointi ikifika idadi uliyoweka, inamkatalia anayekuja. Simu nyingine zinakwenda kwa jirani. Nyingine zinang'ang'ania pale pale, na mwenye simu anaona ujumbe kwamba haiwezi kuunganishwa, halafu anakupigia wewe.

Tatizo jingine la kugawanya kwa idadi ni kwamba simu 40 zilizo mifukoni mwa wajumbe wa semina hazina uzito wa wanafunzi sita wanaotazama video. Ukiona kifaa chako kinaweza kugawanya kwa matumizi ya chaneli, chagua hicho. Kama kinajua idadi tu, weka kikomo cha juu kiasi kwamba kinafanya kazi siku za msongamano pekee. Kwenye ukumbi wa mkutano mimi naweka kati ya 50 na 60 kwa kila redio ya gigahezi 5, na nahakikisha eneo la kila akses pointi linagusana na la jirani, kwa sababu anayekataliwa lazima awe na pa kwenda. Kumfukuza mtumiaji mwenye mawimbi hafifu, kipengele kinachopatikana kwenye vifaa vingi, nakiweka kwenye hasi 78 au 80. Ukiweka hasi 70, mgeni anayegeuka kitandani na kuifunika simu kwa mwili wake anakatiwa simu katikati ya mazungumzo na mkewe.

Badilisha jambo moja kwa usiku mmoja, siku ambazo wapangaji wapo, na uandike asilimia ya matumizi ya chaneli kabla na baada. Ukibadilisha matano kwa pamoja na moja likaharibu, utalazimika kurudisha yote. Mwishowe andika kwenye karatasi mahali ilipo kila akses pointi, chaneli yake, upana na nguvu, uibandike ndani ya mlango wa kabati la swichi, na umwonyeshe mwenye jengo ilipo, ili fundi mwingine akiitwa asipandishe nguvu zote juu kwa kudhani kwamba zilisahaulika chini.